Nywele za Harusi ya Mzee Oyaro

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mke wangu amefukuzwa nyumbani na Pasta!

Si kwa ubaya. Pasta Ogoti amesema bwana harusi na bibi harusi hawaruhusiwi kulala chini ya paa moja kabla ya siku ya harusi. Nikamkumbusha kwamba bwana harusi ana miaka sabini na tisa, bibi harusi sabini na nne, na kwamba tumelala chini ya paa moja tangu kabla yeye Pasta hajazaliwa. Akanijibu kwamba sheria ya kanisa haiangalii umri. Basi Bitutu yuko Fort Ternan kwa binti yetu Janefer. Aliondoka na kikohozi chake. Mimi nimebaki hapa Boito na sufuria ambayo sijui husuguliwa kwa kitu gani.

Nieleze, maana huenda atakayesoma haya atayasoma mimi nikiwa chini ya udongo. Bitutu nilimwoa kwa ng'ombe, mbele ya wazee, kule Kisii. Kanisani hatukwenda. Nilikuwa afisa wa mashamba ya chai, nikihamishwa huku na huku, na kila mwaka nilisema mwaka ujao. Kwa sababu hiyo Bitutu haruhusiwi Meza ya Bwana. Wenzake wanapokwenda mbele, yeye hubaki benchi ya nyuma akishikilia mikoba yao. Mwezi jana daktari wa Kapkatet alinipima moyo akasema umechoka. Akasema kama kuna jambo nimeliahirisha, nisiliahirishe tena. Harusi ni tarehe ishirini na tisa.

Sasa ungamo. Kufa siogopi. Naogopa picha.

Mpiga picha atatoka Kericho mjini. Picha atakayopiga itatundikwa sebuleni, na hiyo hiyo itachapishwa kwenye kijitabu cha mazishi yangu, rangi kamili, kila mtu nakala yake. Na kichwa changu kimekuwa uwanja tangu nilipokuwa kijana. Zimebaki nywele za pembeni. Za upande wa kushoto nimezifuga ndefu, nazilaza juu mpaka zifike kulia. Upepo ukivuma kutoka mashambani, zinanyanyuka zote pamoja kama kifuniko cha birika.

Na nani atasimama kando yangu pichani? Joab! Jirani yangu, mtu wa upande wa ziwa, zamani mtunza stoo kiwandani, ananizidi mwaka mmoja. Nywele zake ni nyeupe na nzito, zimefumuka kama koliflawa ya maonyesho. Bitutu alimteua awe msimamizi wangu bila kuniuliza. Joab alikuja kunipongeza. Akanitazama kichwani kwa utulivu. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, omogaka, yaani mzee kwa Kikisii chetu, taa ya kamera itapata mahali pazuri pa kutua.

Nimeamua. Nitaotesha nywele kabla ya tarehe ishirini na tisa.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda hadi Litein, duka la dawa ambako hakuna anayenijua. Mama wa dukani akanisalimu kwa jina. Kumbe nilimfundisha baba yake kupanda chai!

Nikamwambia nina mjukuu anayepata kipara. Akaniuliza ana miaka mingapi. Nikasema ishirini na tano. Akasema kuna dawa ya kupaka, minoksidili, asubuhi na jioni, mililita moja tu kila mara. Matokeo huonekana baada ya miezi minne au zaidi, na ukiacha kupaka, zilizoota zinaanguka. Kisha akasema mwenye ugonjwa wa moyo asiiguse kabla ya kuonana na daktari. Akauliza moyo wa mjukuu ukoje. Nikamwambia ni kama wa fahali.

Mungu anisamehe. Mjukuu mwenyewe ni msichana.

Nimesoma maelezo mara mbili. Mililita moja! Kwa kichwa kama hiki! Hicho ni kipimo cha kitalu, si cha shamba. Nimepaka mpaka ikachuruzika shingoni.

Jumamosi, 15 Machi

Hakuna kitu. Nimejitazama kwa kioo, kwa kioo kingine nyuma ya kioo, na kwa simu. Hata unyoya.

Nikakaa chini nikafikiri kama mtu aliyesoma. Tatizo la kichwa hiki ni lipi? Udongo umechoka. Na udongo uliochoka nimeutibu maisha yangu yote. Nikaingia stoo, nikachota mbolea ya chai iliyobaki, nikaiyeyusha kwa maji ya uvuguvugu, nikaitia kwenye chupa ambayo Bitutu hunyunyizia nguo kabla ya kupiga pasi. Nikanyunyiza. Nikatoka nje kuota jua ili iingie vizuri.

Lo! Nilidhani nyuki wamevamia. Nikakimbilia pipa la maji nikatumbukiza kichwa chote.

Na hili ndilo linaloniuma kuliko ngozi. Miaka yote ya kazi yangu niliwaambia wakulima, jamani, mbolea isiguse jani bichi wakati jua linawaka, itaunguza. Niliwachorea ubaoni. Niliwauliza kwenye mtihani! Sasa nina mabaka mekundu matatu, moja lina umbo la Ziwa Nakuru.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani kofia haivaliwi. Nikaivua. Nikasikia benchi zote nyuma yangu zikinyamaza.

Pasta akatangaza harusi yetu, akauliza kama kuna mtu mwenye pingamizi. Hakuna aliyesema neno, ila naona wengi walifikiria. Tulipotoka, Joab akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimelalia siafu. Nikamwambia ni jasho. Akasema jasho la aina hiyo yeye hajawahi kuliona, labda ni la kizungu.

Bitutu akapiga simu jioni. Kikohozi kinapungua. Janefer amemshonea gauni la rangi ya maziwa. Aliniambia kwamba jana alikwenda kanisa la huko akajizoeza kutembea polepole mpaka mbele, kukiwa hakuna watu, ili siku ile asijikwae. Nikamwambia vizuri. Nilikuwa nimeshika chupa ya dawa kwa mkono mwingine.

Jumanne, 18 Machi

Nashangaa sikuliwaza mapema. Kupogoa!

Mti wa chai ukizeeka ukaacha kutoa, humwagii dawa. Unaukata. Unaukata mpaka mwenye shamba anataka kulia. Halafu unangoja, na chipukizi zinatoka nyingi, nene, zenye hasira. Mimi kwa huruma ya kijinga nimekuwa nikibembeleza vijiti vikavu vya pembeni tangu ujana wangu.

Nikaenda kwa Calvince, kinyozi wa hapa senta. Nikamwambia anyoe zote, kwa wembe, asiache kitu. Calvince akanitazama. Akazima redio. Akaninyoa taratibu, bila hadithi hata moja, yeye ambaye huwezi kumnyamazisha. Nilipotaka kulipa, akakataa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunipa pole. Nikadhani ni kwa ajili ya mabaka. Kijana mwenye adabu.

Nikarudi nyumbani na hatua ya pili. Redioni walisema maji ya vitunguu huamsha mizizi. Nikasaga vitunguu, nikapaka. Nilichosahau ni kwamba kichwa kisicho na unywele hakizuii kitu. Yakateremka yote machoni. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikilia kama mtoto, pua pia, alipotokea Ayoo, mke wa Joab, kurudisha karai la Bitutu.

Ayoo akasimama. Akatazama kichwa. Akatazama machozi. Akauliza, kwa sauti ndogo sana, kuna habari gani ya Fort Ternan. Sikuweza kufungua kinywa, kitunguu kilikuwa kimeingia mpaka kooni. Nikatikisa kichwa na kumpungia mkono aende.

Akaliacha karai likaanguka. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akatoka mbio akipiga mayowe hadi kwao.

Sijawahi kuona mtu akihuzunikia karai namna ile.

Jumatano, 19 Machi

Lazima niandike.

Dawa hii hunipa kizunguzungu, kwa hiyo baada ya kupaka asubuhi nililala tena. Nimeamshwa na nyimbo. Nikafungua dirisha. Hema! Katika uwanja wangu kuna hema, viti vya kanisa, moto unawaka, akina mama wanapika chai kwenye sufuria kubwa ambayo Bitutu aliitunza stoo kwa ajili ya harusi. Kwaya imejipanga mbele ya tangi la maji.

Nikatoka kuuliza nani amefariki.

Nilipouliza hivyo, walilia zaidi.

Joab akanikumbatia. Joab! Alikuwa akilia waziwazi, makamasi kwenye ndevu. Aliniambia, "Kaa chini, ndugu yangu. Usiongee. Bitutu alikuwa dada yetu sote."

Hapo ndipo nilipoelewa. Huku kwetu, wao watu wa ziwa na sisi tuliotoka Kisii, mzee hanyolewi kwa wembe bila sababu. Kipara cha umri ni kipara. Lakini kichwa kilichonyolewa mpaka kikang'aa ni kichwa cha mfiwa. Calvince aliona. Ayoo akathibitisha. Janefer alipigiwa simu hakupokea, wakasema masikini, atapokea vipi.

Ningesema papo hapo. Nilifungua kinywa. Kisha nikaona jambo moja. Nikisema Bitutu yu hai, wataniuliza basi kwa nini umenyoa. Na Joab alikuwa ameniegemea begani, na koliflawa yake ilikuwa inanigusa sikio.

Nikafunga kinywa. Nikasema nitasema baada ya chai. Chai ikaja na mandazi. Nikasema baada ya mandazi. Kwaya ikaanza. Ikachaguliwa kamati, na mwenyekiti wake ni Joab. Ayoo akasimama kueleza jinsi Bitutu alivyomlelea mtoto alipokuwa mgonjwa, na kila mtu akasema ndiyo, ndiyo. Nikasikia mambo ya mke wangu ambayo sikuwahi kuyajua. Nikala mandazi mengine. Hili ndilo ninaloungama, na naliungama bila kupunguza. Nilikaa kwenye matanga ya mke wangu aliye hai, nikila.

Kisha Pasta akasimama. Alikuwa na huzuni ya kweli, akifutafuta miwani. Alisema kanisa lina utaratibu wake. Kwa kuwa ndoa ilikuwa haijabarikiwa, mwili wa mama hautaingizwa kanisani. Maombi yatafanyika hapa hapa, kwenye hema.

Sikuamini masikio yangu. Nje? Bitutu? Hata akifa abaki nyuma?

Nikasimama, nikasema kwa sauti yangu ya kazi, ile ya kuita watu kutoka mwisho wa shamba, kwamba Bitutu hajafa, yuko Fort Ternan, anajaribu gauni la harusi.

Halafu mama mmoja akasema, jamani, uchungu umempanda kichwani. Joab akanikalisha kitini kwa upole. Wakaniletea maji. Kadiri nilivyoapa, ndivyo walivyonipepea.

Alhamisi, 20 Machi

Amekuja. Nimeandika maneno hayo, nikayatazama, nikayaandika tena. Amekuja.

Jana shangazi mmoja alimpata Janefer kwa simu ili amfariji kwa kufiwa na mama. Janefer akamgeukia mama, aliyekuwa anachambua maharagwe. Asubuhi hii pikipiki imeingia uwanjani, na nyuma yake bibi harusi wangu, kitambaa kichwani, mkoba kifuani.

Kwaya ilikuwa katikati ya ubeti. Sauti ya nne, wanaume wa besi, walitoroka kwanza, wakapita kwenye ua wa miiba wa kei-apple ambao hata ng'ombe hathubutu kuupita. Ayoo akakaa chini kwenye matope. Pasta akafungua Biblia, akaifunga.

Bitutu hakumsalimu mtu. Alikwenda kwenye sufuria, akafunua kifuniko, akauliza nani ameitoa stoo. Kisha akaja akasimama mbele yangu. Akatazama kichwa changu kama mtu anayesoma ubao wa matangazo.

"Baba Janefer," akasema, "nimekufa kwa ugonjwa gani?"

Nikamwambia. Mbele ya wote. Minoksidili, mjukuu mwenye moyo wa fahali, mbolea, vitunguu, wembe. Nilipofika kwenye kupogoa, mtu mmoja akacheka. Joab. Alicheka mpaka akashika nguzo ya hema, na hema likacheza. Wengine wakamfuata. Hata Pasta alijikohoza sana.

Bitutu hakucheka.

"Nimeingojea meza ile maisha yangu yote," akasema. "Kwa ajili ya nywele, umenizika nje."

Akamwambia Pasta aifute tarehe. Akapanda pikipiki ile ile. Dereva alikuwa hajazima injini.

Jumamosi, 22 Machi

Hapokei simu. Janefer anapokea, anasema mama anapumzika, anakata.

Nimejaribu suti, hata hivyo. Inanitosha. Viatu vimekataa. Miguu imevimba mpaka kwenye vifundo, nikibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Na moyo unadunda hata nikiwa nimekaa, kama mashine ya kiwandani siku ya majani mengi.

Nimelitafakari jambo hili kisomi. Ni dalili njema. Dawa imeingia mwilini, imefika mpaka miguuni. Kilichobaki ni kupanda juu. Bitutu akiniona na nywele, ataelewa kwamba haikuwa bure. Nimemimina chupa yote iliyobaki.

Jumatatu, 24 Machi. Hospitalini, Kapkatet

Nilianguka langoni Jumamosi ile ile. Nilikuwa nakwenda barabarani kutafuta mtandao wa simu. Joab ndiye aliyeniona. Hakukuwa na gari, kwa hiyo alisimamisha lori la majani lililotoka kituo cha kununulia, nikapandishwa juu ya majani mabichi. Nililala chali juu ya chai, Joab akinishikilia kifua kwa mkono na kuniambia nisithubutu kufa kabla hajamaliza kunicheka. Lakini hakuwa akicheka. Alikuwa analia tena. Sikujua kwamba ana machozi mengi hivyo.

Daktari Chemutai ndiye anayenitibu moyo. Nilimwambia ni uzee. Akauliza harufu hii ni ya nini. Nikamwambia.

Akaketi kitandani. Alikuwa na mshangao wa mtu aliyeona mengi na kudhani yameisha. Akanieleza kwamba dawa ile mwanzoni ilikuwa ya kushusha shinikizo la damu, na ikiingia mwilini kwa wingi huteremsha shinikizo, huukimbiza moyo na kujaza maji miguuni. Na moyo wangu, akasema, hauna nafasi ya mbio. Kisha akasema jambo lililonishtua kuliko yote: hata kwa kijana, dawa husaidia pale ambapo nywele zimeanza kupungua. Mahali palipokuwa peupe muda mrefu, mizizi imekwisha kufa. Mbolea haifufui mti uliong'olewa.

Nikauliza kuhusu upandikizaji. Akasema upo, Nairobi na ng'ambo, wanachukua nywele za nyuma ya kichwa wanapanda mbele. Nikaelewa upesi. Kujazia mapengo kwa miche! Nikauliza kama miche inaweza kutoka kwa jirani. Akasema hapana, mwili huikataa, lazima iwe yako mwenyewe. Na kwa moyo huu hakuna daktari atakayekubali. Akasema nikitaka sana ninunue za bandia, au nivae kofia, kama watu wote wenye akili.

Bitutu aliingia mchana. Sikumsikia. Nilifungua macho nikamwona amekaa, mkoba kifuani.

Alinivuta shuka mpaka kifuani. Kisha akaniuliza kama nafikiri yeye ni kipofu. Akasema alipoolewa nami kipara kilikuwa kimeanza, pale juu, ukubwa wa sahani ya chai. Aliona. Shangazi zake waliona, wakamwambia, wakacheka. Akakubali hivyo hivyo.

"Sitaki nywele zako," akasema. "Nataka ufike Jumamosi ukiwa unapumua. Unitembeze mpaka mbele. Baada ya hapo kufa ukitaka."

Nikauliza kama hiyo ina maana harusi ipo. Akasema ipo kwa sababu yeye anaitaka, si kwa sababu mimi ninastahili. Akanitaka niape sitapaka tena kitu chochote kichwani. Nikaapa. Akanitaka niape mbele ya daktari. Nikaapa tena. Sijawahi kuapa kwa moyo safi namna ile.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeoa!

Mvua ilinyesha asubuhi, ikakoma. Miguu ilikuwa imepungua uvimbe, viatu vikaingia kwa shida. Kanisa lilijaa, watu wote waliomzika walikuja, na waliokimbilia kwenye ua walikuwa na plasta.

Nilifika mbele, kichwa wazi, mabaka yakinawiri. Nikamtafuta msimamizi wangu. Hayupo. Kando ya Pasta alisimama mzee fulani nisiyemjua, mwenye suti ya Joab.

Alikuwa Joab. Amenyoa! Yote! Kwa wembe!

Kanisa zima liliinuka kwa hofu. Ayoo ilibidi asimame na kuwatangazia kwamba hakuna aliyekufa, watu wakae. Joab akainama sikioni mwangu. Akasema leo watu wamtazame bibi harusi, si sisi. Mimi na yeye tuwe mawe mawili tu.

Nilitaka kumshukuru. Nilikuwa nimeshaanza. Kisha mwanga wa dirisha ukamwangukia kichwani, nikaona.

Kichwa chake kina umbo zuri.

Mviringo, laini, bila baka, bila kona. Kama kimechongwa. Changu kina bonde katikati na nundu upande wa kisogo, nimelijua hilo wiki hii tu. Mungu wangu, hata bila nywele mtu huyu ananishinda!

Bitutu aliingia. Nikaacha kutazama vichwa. Tulitembea polepole mpaka mbele, na hakujikwaa. Pasta alipompa kikombe, nilimshikilia mke wangu mikono kwa chini. Alikunywa, akafumba macho, akabaki hivyo mpaka waliomfuata wakaanza kusubiri. Hakuna aliyemharakisha. Mkoba wake nilikuwa nimeushika mimi.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimekwenda kliniki na mke wangu wa ndoa. Daktari Chemutai amefurahi. Miguu sawa, moyo umetulia. Akauliza kama kuna tatizo jingine. Bitutu akajibu kabla yangu kwamba naamka kwenda msalani usiku kucha, mwaka mzima sasa, na naona aibu kusema. Nilitamani sakafu ifunguke.

Daktari akasema hiyo ni tezi ya kiume, imekua, jambo la kawaida kwa wazee, kuna vidonge. Nikakataa. Vidonge vya huko sivitaki, mimi ni mtu wa kanisa. Alikuwa tayari anaandika, akasema bila hata kuinua macho kwamba nisivionee aibu, maana vijana wa mjini hutafuta dawa hii hii, kwa kipimo kidogo, kwa ajili ya nywele.

Nikamwomba arudie.

Akarudia. Akaongeza mambo mengi: kwamba kwa umri wangu nisitegemee hilo hata kidogo, kwamba ananipa kwa ajili ya mkojo tu, kwamba ni kidonge kimoja kwa siku. Nilisikia sauti yake kwa mbali. Nilimuuliza swali moja tu. Hao vijana huona mabadiliko baada ya muda gani? Akasema nusu mwaka, wakati mwingine mwaka.

Nimehesabu. Sikuapa chochote kuhusu kumeza. Niliapa kuhusu kupaka.

Jioni nimemwambia Bitutu kwamba nimebadilika. Kuanzia leo chumvi nimeacha. Nitatembea kila asubuhi mpaka kituo cha majani na kurudi. Vidonge vyote vya moyo nitavimeza kwa wakati wake, na hivi vipya pia, bila kukumbushwa. Nitalala mapema. Ameniangalia, akafunika uso kwa leso, akalia kwa furaha. Amesema sasa anaona kwamba Meza ya Bwana ina nguvu.

Nimempigia simu mpiga picha wa Kericho. Nimemwambia picha za Jumamosi azihifadhi, lakini aje tena mwishoni mwa Desemba, na asimwambie Joab.

Kisha nimempigia Pasta. Nimemwarifu kwamba yale mazungumzo yetu ya wimbo wa mazishi yasubiri, kwa sababu mwaka huu sina nafasi ya kufa.

Maagizo yanasema kidonge kimoja. Nimemeza kimoja. Halafu nimemeza cha kesho, ili kesho nisisahau.